Madeni Niliyoyarithi Pamoja na Gari na Kompyuta

Gari langu la kwanza lilikuwa na umri wa miaka 11 siku nilipolinunua, na kompyuta mpakato niliyoinunua miezi michache baadaye ilikuwa imekwisha kutumika kwa miaka 5. Vyote viwili nilivinunua kwa fedha nilizozidunduliza kwa muda mrefu, na vyote viwili niliviona vimekwisha kulipiwa pale nilipomkabidhi muuzaji fedha zake. Hapo ndipo nilipokosea. Katika miaka minne iliyofuata nilikuja kutambua kwamba bei ya kununulia ni malipo ya kwanza tu, na kwamba mtu anayenunua kitu kilichotumika hurithi madeni ya aina mbili: deni la matengenezo ambayo mmiliki wa awali aliyaahirisha, na deni la umiliki, yaani vifungo vinavyoendelea kukiunganisha kitu kile na watu waliokuwa nacho kabla. Deni la kwanza hulipwa kwa fundi. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu fedha peke yake hazilimalizi.

Wiki ya tatu tangu nilinunue gari, nililipeleka kwa fundi ili abadilishe oili ya injini na chujio lake. Odometa ilisoma kilomita 148,000. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba gari limetunzwa vizuri sana, nami niliridhika na maneno hayo kwa sababu rangi ilikuwa inang'aa na injini iliwaka mara moja bila kusitasita. Fundi aliinua bonneti, akasikiliza mngurumo kwa muda, kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?" Sikuwa na jibu. Nilitoa kijitabu kilichokuwa kwenye droo ya dashibodi, nikakuta kurasa za kumbukumbu za matengenezo zina mihuri hadi kilomita 62,000, na kuanzia hapo kurasa zote ni tupu.

Mkanda huo ni wa mpira wenye meno, na kazi yake ni kuunganisha mzunguko wa shafti kuu ya injini na ule wa shafti inayofungua na kufunga vali, ili vali na pistoni zipishane bila kugusana. Katika injini nyingi, ikiwemo hiyo yangu, mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, pistoni hupanda na kuzigonga vali zilizo wazi, na kazi ambayo ingekuwa ya kubadilisha mkanda hugeuka kuwa ya kufumua injini. Kijitabu kilitaka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kiliweka pia kikomo cha miaka, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama tu. Kwa hesabu hiyo, nilikuwa nimeendesha kwa wiki tatu gari ambalo mkanda wake, kama haukuwahi kuguswa, ulikuwa umepitiliza muda wake kwa karibu nusu ya umri uliopangiwa.

Fundi alifungua kifuniko cha juu, akaniita nisogee. Aliushika mkanda kwa vidole viwili, akaupinda kidogo, na mgongoni mwake ikafunguka mistari myembamba ya mipasuko, mmoja baada ya mwingine, ambayo mkanda ulipokuwa umenyooka haikuonekana hata kidogo. Kisha akamulika tochi chini zaidi, akanionyesha doa la rangi ya waridi lililokauka kama chumvi kwenye ukingo wa pampu ya maji. "Na pampu inavuja," akasema. "Tukishafungua kwa ajili ya mkanda, tuibadilishe papo hapo pamoja na kikazio cha mkanda, maana kazi ya kufungua ni ileile moja." Nilikubali. Malipo ya siku hiyo yalikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya bei niliyolinunulia gari zima, na wala gari halikuwa limeharibika. Nilikuwa nalipa yale ambayo mtu mwingine alipaswa kuyalipa kilomita 48,000 zilizopita.

Jioni ile ndipo nilipoanza kuandika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa gari lililotumika maneno hayo ni ya kweli neno kwa neno. Nilichukua daftari la kawaida lenye jalada gumu, nikaandika tarehe, kilomita, kilichofanyika, kiasi nilicholipa, na pembeni nikaweka alama moja kati ya tatu. Herufi R ilikuwa ya deni la kurithi, yaani kazi iliyopaswa kufanywa kabla gari halijawa langu. Herufi U ilikuwa ya uchakavu wa kawaida, kama vile oili, pedi za breki na wipa. Herufi K ilikuwa ya makosa yangu mwenyewe. Mgawanyo huu ulinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mtu anapoona fedha zinatoka kila mwezi huanza kulichukia gari na kuliita bovu, ilhali huenda gari lenyewe ni zima na linachofanya ni kumaliza madeni ya zamani. Nilipojumlisha baada ya miezi 18, gharama zote za matengenezo zilikuwa zimefika theluthi mbili ya bei ya kununulia, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa na alama ya R. Katika miezi 18 iliyofuata, alama ya R ilionekana mara mbili tu.

Matairi yalikuwa mojawapo ya madeni hayo, na ndiyo yaliyonifundisha kutoamini macho. Michirizi yake ilikuwa na kina cha kutosha, na mtu yeyote angesema bado mapya. Lakini ubavuni mwa kila tairi huwa kuna tarakimu nne ndani ya umbo la duara lililobanwa, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililoandikwa 2310 limetoka kiwandani katika wiki ya 23 ya mwaka 2010. Matairi yangu mawili ya nyuma yalikuwa yamekaa na gari tangu lilipokuwa jipya. Watengenezaji kadhaa wakubwa wa matairi hushauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama michirizi haijaisha, na hayo yalikuwa yamekwisha kuvuka. Hali ni hiyohiyo kwa mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewani polepole. Maji yakizidi ndani yake, mafuta huchemka kwa joto dogo kuliko inavyotakiwa, na breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu unaweza kukanyaga pedali ikazama bila gari kushika. Watengenezaji wengi wa magari hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Yangu yalikuwa meusi kama kahawa.

Nieleze pia kosa mojawapo la herufi K, kwa sababu lilinigharimu sana. Katika mwaka wa pili sindano ya joto ilianza kupanda kidogo kila niliposimama kwenye foleni, kisha kushuka nilipoondoka. Niliona inashuka, nikajiambia kwamba tatizo limeisha. Feni ya rejeta ilikuwa imekufa, kitu ambacho fundi angekigundua kwa dakika chache, lakini nilikaa nacho miezi miwili hadi gasketi ya silinda hedi ilipoungua na maji yakaanza kuingia kwenye oili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nilijenga ukuta huo kwa fedha za miezi mitatu. Tangu hapo, dalili yoyote niliyoiona ilipata mstari wake ndani ya daftari siku hiyohiyo, hata kama sikuwa na fedha za kuishughulikia, kwa sababu jambo lililoandikwa haliwezi kujifanya halipo.

Upande wa umiliki wa gari nao ulikuwa na mambo yake. Mtu aliyeniuzia hakuwa yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye hati ya usajili. Alikuwa amelinunua kwa mwenyewe, akalikalisha muda mfupi, akaniuzia mimi bila kulihamishia jina lake kwanza. Nilidhani huo ni urasimu wa kawaida tu, kumbe ni jambo la msingi: mbele ya sheria, anayetambuliwa ni yule aliyeandikwa, na mimi nilikuwa mtu mwenye ufunguo na risiti ya mkono. Kama gari lingekuwa limewekwa rehani kwa mkopo ambao haujaisha, mkopeshaji angekuwa na haki ya kulifuata popote lilipo, na mimi ningebaki kumtafuta muuzaji ili anirudishie fedha. Ilinichukua wiki sita kumpata mwenye jina, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa mtu muungwana na hakuwa na deni, akatia sahihi. Sasa sinunui gari kabla sijamwona mwenye jina, na kabla sijalinganisha nambari ya chesisi mahali patatu: iliyogongwa kwenye bodi, iliyo kwenye kibandiko au kibati, na iliyo kwenye hati. Nambari hiyo huwa na herufi na tarakimu 17 kwa magari yaliyotengenezwa kwa utaratibu uliowekwa kuanzia mwaka 1981, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona mojawapo ya herufi hizo, uliza maswali kabla hujatoa fedha.

Nambari hiyohiyo ilinipatia pia matengenezo ya bure. Baada ya kusoma habari za mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo ilikuwa na kasoro ya hatari na kwa hiyo magari yenye mifuko hiyo yakaitwa yarudishwe ili ibadilishwe, takriban mifuko milioni 67 nchini Marekani peke yake, nilitaka kujua kama gari langu lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa. Halikuwemo, lakini niliponukuu nambari ya chesisi kwa wakala wa mtengenezaji iligundulika kwamba kulikuwa na mwito mwingine, wa swichi ya dirisha inayoweza kupata moto, ambao mmiliki wa awali hakuwahi kuuitikia. Ilibadilishwa bila malipo yoyote. Mwito wa namna hiyo hufuata gari wala haumfuati mtu, kwa hiyo mmiliki wa tano ana haki nao sawa na wa kwanza. Nasikitika kila ninapokutana na mtu mwenye gari la zamani ambaye hajawahi kuuliza.

Kisha kulikuwa na ufunguo. Nilipewa mmoja, na muuzaji akasema wa pili ulipotea. Sikulitilia maanani hadi fundi wa umeme wa magari aliponieleza kwamba ufunguo wenye chipu unakumbukwa na kompyuta ya gari, na kwamba ule uliopotea, popote ulipo, bado unaweza kulifungua na kuliwasha gari langu. Nililipia kutengenezewa ufunguo mpya, na wakati huohuo kumbukumbu ya funguo zote za zamani ikafutwa. Daftarini niliandika R, kisha nikasita, kwa maana hapo hapakuwa na kifaa kilichochakaa. Nilikuwa nimelipa ili mlango wa gari langu uache kumtambua mtu mwingine. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba madeni ninayorithi si ya aina moja.

Kompyuta ilinifundisha jambo hilo kwa ukali zaidi.

Kwa upande wa uchakavu, haikunishangaza sana. Ripoti ya betri ambayo mfumo wa uendeshaji wenyewe, yaani Windows, huweza kuitoa ilionyesha kwamba betri iliundwa kubeba wati-saa 50, na sasa ikijaa kabisa inabeba 27, yaani zaidi kidogo ya nusu. Betri za lithiamu huchoka hivyo. Nyingi za kompyuta mpakato hupungua hadi karibu asilimia 80 baada ya mizunguko ya chaji kati ya 300 na 500, nyingine zikistahimili hadi 1,000. Diski nayo hutunza hesabu ya saa ilizofanya kazi, na yangu ilisema 21,000. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski ile ilikuwa imewashwa kwa muda unaolingana na karibu miaka miwili na nusu mfululizo. Nilibadilisha vyote viwili, nikapuliza vumbi lililokuwa limeganda kwenye feni kama blanketi, nikapaka upya uji wa kupitisha joto juu ya prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta, na mashine ikatulia. Kwa kompyuta ya namna ile, ambayo betri yake hufunguliwa kwa skrubu na diski yake hutoka, kazi hiyo ni ya saa moja. Kuna aina nyingine ambazo kumbukumbu na diski zimechomelewa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, na betri imegundishwa kwa gundi; hizo sizinunui tena zikiwa zimetumika, hata zikiwa nzuri kiasi gani, kwa sababu kifaa kimoja kikifa vingine vyote hufa nacho.

Tatizo lilijitokeza nilipofuta kila kitu na kusakinisha mfumo upya. Mara tu ilipoungana na intaneti, kioo kilibadilika. Hakikunitaka jina langu. Juu kabisa liliandikwa jina la taasisi ambayo sikuwahi kuisikia, chini yake maneno ya kuwakaribisha wafanyakazi wake, na chini zaidi kisanduku cha kuandika barua pepe ya kazini na nywila. Nilizima, nikasakinisha tena, yakatokea yaleyale. Nilikaa mbele ya kioo kile kwa muda mrefu. Kompyuta ilikuwa mezani kwangu, imelipiwa, betri na diski ni vyangu vipya kabisa, na bado ilikuwa inasema kwamba ni ya watu wengine.

Baadaye nilielewa kinachotendeka. Taasisi kubwa husajili kompyuta zake katika orodha iliyoko kwenye seva za mtengenezaji wa mfumo, na kinachoandikwa humo ni utambulisho wa mashine yenyewe, hasa ubao mama wake. Ndiyo maana kubadilisha diski hakukusaidia. Kila mashine inapowekwa mfumo upya na kuunganishwa na intaneti huuliza kwanza kwenye orodha ile, na ikijikuta imo, inajifunga kwa mwenye orodha. Simu nazo zina jambo la namna hiyo: Apple iliingiza kufuli la akaunti katika iOS 7, mfumo wa simu zake, mwaka 2013 ili kukomesha wizi, na simu ambayo mwenyewe hajajiondoa haiwezi kuanzishwa upya na mtu mwingine. Ulinzi huo ni mzuri, na ningekuwa mimi nimeibiwa ningeushukuru. Shida ni kwamba kufuli halimtofautishi mwizi na mtu aliyenunua kwa halali kwa mtu aliyesahau kujiondoa.

Muuzaji, nilipompigia, alinielekeza njia ya kukwepa: nisakinishe bila kuunganisha intaneti, nitengeneze akaunti ya humuhumu ndani, na ujumbe ule hautatokea. Njia hiyo inafanya kazi. Sikuifuata, na sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, sikuwa na hakika kama kompyuta haikuibwa, na sikutaka kukaa na mali ya wizi kwa kujifanya sijui. Ya pili, kompyuta iliyofichwa isionekane na orodha bado imo kwenye orodha. Siku yoyote nitakapolazimika kusakinisha upya, au siku nitakapomuuzia mwenzangu, kifungo kile kitamkuta yeye. Nilitafuta simu ya taasisi ile, nikaelekezwa kwa mhusika wa kompyuta, nikamsomea nambari ya mashine.

"Hiyo tuliiuza kwa mnada, kaka, pamoja na nyingine arobaini," akaniambia. "Zote zilipaswa kuondolewa kwenye orodha yetu. Nitumie picha ya nambari na risiti yako."

Nilituma siku hiyohiyo. Zilipita siku 19, na katika siku hizo nilipiga simu mara nne, kwa heshima, kwa sababu nilijua kwamba mtu yule hakuwa na faida yoyote katika kunisaidia. Siku ya 19 nilisakinisha tena na kioo kikaniuliza jina langu. Daftarini niliandika R bila kiasi chochote cha fedha mbele yake, kisha nikaandika idadi ya siku. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote ambazo kompyuta ile ilinitoza, maana kwa wiki karibu tatu nilikuwa mmiliki kwa maneno tu, na uamuzi kama kitu changu ni changu ulikuwa mikononi mwa mtu nisiyemjua, ambaye angeweza kabisa kutojibu.

Tangu hapo, sitoi fedha za kompyuta wala simu kabla haijafutwa na kuanzishwa upya mbele yangu ikiwa imeunganishwa na intaneti. Naomba pia muuzaji aizime, aiwashe, na kuniingiza kwenye mipangilio ya awali ya mashine ili nione kama kuna nywila, kwa sababu nywila ya ngazi hiyo haifutwi kwa kufuta diski, na kwenye baadhi ya mashine ni mtengenezaji peke yake anayeweza kuiondoa, tena kwa uthibitisho wa umiliki. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kwa maombi hayo. Aliyekasirika nilimwachia mali yake.

Kompyuta ile ilikuwa pia na tarehe ya kufa ambayo haikuandikwa popote juu yake. Windows 11 ilipotolewa mwezi Oktoba 2021 ilidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za vizazi vipya, na prosesa yangu, iliyokuwa ya Intel ya kizazi cha saba, haikuwemo kwenye orodha ya zinazokubalika. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na kuanzia hapo sasisho za usalama hupatikana tu kwa walioingia katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi ulitangazwa kuwa wa mwaka mmoja. Mashine yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Nilichagua kuihamishia kwenye Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, na inaendelea kufanya kazi ya kuandika, kusoma na kutunza hesabu bila taabu, ingawa ilinibidi kuacha programu mbili nilizozizoea. Mtu anayenunua kompyuta iliyotumika aulize prosesa ni ya kizazi gani na mfumo wake utapata sasisho hadi lini, kama vile anavyouliza kilomita za gari. Bei inayoonekana ya chini mara nyingi imeshushwa na tarehe hiyo.

Nilianza kuona kwamba magari nayo yanaelekea huko. Mwaka 2022 BMW ilianza kuuza katika baadhi ya nchi ruhusa ya kupasha viti joto kwa malipo ya mwezi, ilhali nyaya za kupashia zilikuwa tayari ndani ya viti, na mwaka uliofuata ikaacha mpango huo kwa huduma ya namna hiyo. Mwaka huohuo wa 2022 kampuni za simu za Marekani zilizima mitandao yao ya 3G, na magari mengi ambayo hayakuwa yamechakaa yalipoteza huduma ya kupiga simu ya dharura na ya kufunguliwa kwa mbali. Anayenunua gari la aina hiyo likiwa limetumika lazima aulize ni vitu gani vimo ndani ya gari na vipi vimo ndani ya akaunti ya mtu fulani, kwa sababu vya aina ya pili vinaweza kuondoka na mwenye akaunti. Na aulize pia kama mmiliki wa awali amejiondoa kwenye programu ya simu, la sivyo huenda mtu huyo anaweza kuona kila jioni gari limelala wapi.

Katika mwaka wa nne giaboksi ya gari langu ilianza kuchelewa kuingia gia ya tatu. Fundi alinipa makisio, na kwa siku kadhaa nilijishika na hoja ambayo nadhani wengi huishika: nimekwisha kuligharimia gari hili sana, siwezi kuliacha sasa. Daftari ndilo lililonitoa humo. Fedha zilizokwisha kutumika zimekwenda, na iwe nimetengeneza au nimeuza, hazitarudi. Swali lililobaki lilikuwa moja, nalo ni kwamba je, kiasi cha giaboksi pamoja na makisio ya mwaka unaofuata ni kikubwa kuliko kile ambacho gari jingine la hali kama hiyo lingenitoza kwa mwaka, pamoja na madeni yake mapya ya kurithi nisiyoyajua? Jibu lilikuwa hapana, kwa tofauti ndogo. Madeni ya gari langu nilikuwa nimeyalipa karibu yote, na ningeliuza ningekwenda kuanza kulipa ya mtu mwingine. Nilitengeneza giaboksi, nikaliendesha kwa miezi 14 zaidi, na nililiuza kwa sababu familia iliongezeka tu.

Siku ya kuuza nilikuwa mimi sasa ndiye mmiliki wa awali, na nilitaka kuwa yule ambaye mimi sikumpata. Nilikaa ndani ya gari nusu saa nikifuta majina 214 ya watu yaliyokuwa yamenakiliwa kutoka kwenye simu yangu na kuingia kwenye redio, safari za nyumbani, na muunganisho wa simu yenyewe. Nilihamisha jina kabla ya kupokea sehemu ya mwisho ya fedha. Funguo mbili niliziweka mezani pamoja. Kompyuta ninayo bado, lakini ndani ya begi lake kuna karatasi yenye hatua za kuiondoa kwenye akaunti zangu, ili hata kama sitakuwepo mtu wa nyumbani aweze kuitoa ikiwa huru.

Mnunuzi alikuwa kijana aliyekuja na mama yake. Alizunguka gari akaligonga gonga matairi kwa mguu kama nilivyofanya mimi zamani, kisha akauliza kama anaweza kufungua bonneti. Nilimpa daftari kwanza. Nilimwonyesha ukurasa wa mwisho, ambapo nilikuwa nimeandika mambo matatu ambayo bado hayajafanywa: shokapu za nyuma, mafuta ya breki ambayo muda wake ungefika baada ya miezi minne, na mkwaruzo ulioanza kupata kutu chini ya mlango. Mama yake ndiye aliyelichukua. Alivaa miwani, akaegemea mlango, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, na alipofika kwenye mstari wa mkanda wa taimingi aliweka kidole hapo, akamwita mwanawe aache kwanza matairi, aje aone.